Mji wa 3D juu ya tufe pepe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu waliochora nyumba kwenye QGIS (programu ya ramani) au Blender (programu ya kuchora 3D), au waliorusha droni, na sasa wanataka mtaa wao usimame juu ya dunia inayozungushwa kwa kidole. Mifano mingi ni ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Ndiko ninakofanyia kazi, na mji wenye vichochoro vyembamba kiasi kile haufichi kosa.

Tufe pepe ni kitu gani hasa? Si ramani tu?

Ramani ya kwenye simu ni karatasi iliyotandazwa. Tufe pepe ni dunia nzima, duara, yenye milima na mabonde, ambayo unaisogelea kutoka angani hadi mlangoni kwa mtu. Google Earth, iliyotoka mwaka 2005, ndiyo iliyowazoesha wengi. Chanzo chake ni programu ya kampuni ya Keyhole, iliyonunuliwa na Google mwaka 2004, na ile K ya kwenye faili la KML mpaka leo ni ya Keyhole. Kwa anayejenga tovuti yake mwenyewe siku hizi, jina atakalokutana nalo mapema ni CesiumJS, maktaba huria ya msimbo inayofanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Mengi ya humu yanahusu hiyo.

Mbona Berlin imesimama na mtaa wangu umelala?

Kwa sababu kuna aliyelipa. Berlin imetoa bure modeli ya majengo yake, zaidi ya nusu milioni. Uholanzi ina 3DBAG, majengo yapatayo milioni 10, yanayotokana na kuunganisha ramani ya misingi ya nyumba na vipimo vya leza vilivyopigwa kutoka angani. Japani ilianza mradi wa PLATEAU mwaka 2020 chini ya wizara inayosimamia ardhi na miundombinu. Google nayo ilipowafungulia watengeneza programu miji yake ya picha halisi mwaka 2023, ilitaja miji zaidi ya 2,500 katika nchi 49.

Kwetu leza ya angani ni ghali, lakini hatuko mikono mitupu. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza kuwaingiza wanafunzi na wananchi wa Dar es Salaam mitaani, Tandale ikiwemo, kuchora nyumba moja moja kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wenyewe, kwa ajili ya kukabili mafuriko. Mwaka 2016 mradi wa kupiga ramani Zanzibar ulianza kurusha droni juu ya Unguja na Pemba, na picha zake ziliwekwa wazi. Google ilipotoa data yake ya Open Buildings mwaka 2021, ilikuwa na alama za misingi ya majengo milioni 516 barani Afrika. Kinachotukosesha usingizi zaidi ni urefu wa nyumba. Umbo la msingi lipo, ila hakuna aliyeandika kama ni ghorofa mbili au nne.

Nianze na data gani basi?

Umbo la msingi wa nyumba na urefu wake. Hivyo viwili vinatosha kusimamisha mtaa.

Kwenye OpenStreetMap kuna sehemu ya kuandika urefu kwa mita, nyingine ya idadi ya ghorofa, nyingine ya umbo la paa. Tembea mtaani na daftari, hesabu ghorofa, rudi ujaze. Mtaa mmoja ni kazi ya asubuhi moja. Huhitaji kibali cha mtu, na kila programu inayosoma OpenStreetMap itafaidika. Cesium, kampuni ya CesiumJS, kwa mfano, ina tabaka la majengo ya OpenStreetMap ya dunia nzima, zaidi ya milioni 350 lilipotolewa mwaka 2020. Ukiandika ghorofa nne leo, masasisho yakifika nyumba itainuka yenyewe.

Angalizo kwa Mji Mkongwe: ghorofa ya hapa si mita tatu. Dari za nyumba za kale ziko juu. Ukizidisha idadi ya ghorofa kwa tatu, utazifupisha. Pima chache kwa kipimo cha leza cha mkononi, kile cha mafundi, upate wastani wa mtaa wenyewe.

Maboksi yaliyochorwa au modeli ya picha za droni, ipi bora?

Swali hili huleta ugomvi. Jibu linategemea unataka kufanya nini nayo.

Modeli ya picha, yaani fotogrametria, inatokana na mamia ya picha zinazopishana. Kompyuta inatafuta alama ileile katika picha nyingi, inakadiria ilipo, kisha inavisha ngozi ya rangi halisi. Kutoka mbali inavutia: bati lenye kutu, tangi jeusi la maji juu ya paa, nguo zilizoanikwa. Ukisogea, mambo yanabadilika. Mnazi unakuwa fundo la plastiki iliyoyeyuka. Bati jipya linalong'aa linatoboka mashimo, kwa sababu mng'ao unahama kila droni inapohama na kompyuta haipati alama ya kushika. Maji ya bandarini ni hivyohivyo. Kichochoro cha mita mbili kati ya nyumba za ghorofa tatu, ambacho droni haikukiona chini, kinazibwa na utando unaozipaka nyumba mbili kwa pamoja.

Tena modeli ya aina hiyo ni shuka moja. Haijui nyumba hii inaishia wapi na ya jirani inaanzia wapi, kwa hiyo huwezi kuuliza ni majengo mangapi yana paa la bati.

Boksi lililochorwa, yaani msingi wa nyumba ulioinuliwa hadi urefu wake, halina sura, lakini lina jina. Unaweza kulibofya, kulihesabu, kulipaka rangi kwa umri wake. Kwa mipango miji, mafuriko au urithi mimi huchagua boksi. Kwa video ya kuwaonyesha wageni, fotogrametria. Kuna wanaoweka vyote viwili, boksi lisiloonekana likiwa limevalishwa juu ya modeli ya picha ili libofyeke. Njia hiyo inafanya kazi vizuri.

LoD ni nini, na ninahitaji ipi?

Ni ngazi ya undani. Katika kiwango cha CityGML, ambacho ndicho lugha ya pamoja ya miji mingi ya Ulaya, LoD0 ni alama ya nyumba chini, LoD1 ni boksi, LoD2 ina umbo la paa, LoD3 ina madirisha, milango na roshani. Toleo la 2.0 la mwaka 2012 lilikuwa pia na LoD4 ya vyumba vya ndani. Toleo la 3.0 limeiondoa, likaruhusu undani wa ndani katika ngazi yoyote.

LoD2 kwa mji mzima na LoD3 kwa majengo machache yanayojulikana, inatosha. Kuyapa majengo yote madirisha ni kujichosha.

Nina modeli nzuri ya Blender. Siwezi kuipakia moja kwa moja?

Jengo moja, ndiyo. Litoe kama glTF, aina ya faili la modeli za 3D, uliweke kwenye latitudo na longitudo yake, basi. Mtaa mzima kwa njia hiyo utakwama, kwa sababu mtazamaji atalazimika kupakua kila kitu kabla hajaona chochote. Hapo ndipo inapokuja 3D Tiles, nitakayoiita vigae.

Vigae hivyo vinafanyaje kazi?

Fikiria duka la mtaani lenye stoo nyuma. Muuzaji haitoi stoo nzima na kuimwaga barazani. Anakuletea ulichoomba. Vigae vinaukata mji katika masanduku yaliyomo ndani ya masanduku: sanduku kubwa lina mji wote kwa undani hafifu, ndani yake kuna manne yenye undani zaidi, na ndani ya kila moja kuna mengine. Tufe linaangalia kamera yako iko wapi, kisha linaleta masanduku yanayoonekana tu, kwa undani unaostahili umbali huo.

Linajuaje undani unaostahili? Kila kigae kinabeba namba ya mita, inayosema umbo lake limekosea ukweli kwa kiasi gani. Tufe linageuza mita hizo kuwa pikseli za skrini yako. Chukua kigae chenye kosa la mita 10, skrini yenye kimo cha pikseli 1,080, na kamera yenye uwazi wa nyuzi 60. Ukiwa umbali wa mita 1,000, kosa hilo ni kama pikseli 9. Ukisogea hadi mita 500, linakuwa kama 19. Kikomo cha kawaida katika CesiumJS ni 16. Kwa hiyo kule mbali tufe linaridhika na kigae hicho. Hapa karibu linaagiza watoto wake, yaani vigae vilivyomo ndani yake.

Ukiielewa namba hiyo, nusu ya matatizo yako yamekwisha. Mtaa ukikataa kupata undani hata ukiugusa kwa pua, mara nyingi aliyetengeneza vigae aliandika kosa dogo mno kwenye kigae cha juu, na tufe halioni sababu ya kushuka. Simu ikichemka ukiwa bado uko angani, aliandika kubwa mno.

Nyumba zangu zinaelea hewani. Nimekosea wapi?

Hujakosea peke yako. Mara ya kwanza niliyopandisha nyumba za Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe, zilisimama juu ya mji kama wingu, kivuli chake kikiwa kimeanguka juu ya picha ya nyumba zilezile. Nilimaliza siku mbili nikitafuta kosa kwenye Blender. Halikuwa huko.

Kuna "chini" mbili. Moja ni usawa wa bahari, ambao wapima ardhi wanaukadiria kwa geoidi. Nyingine ni elipsoidi, yai laini la kihesabu ambalo GPS na tufe pepe hupimia. Hizi mbili hazilingani, na tofauti yake inabadilika kutoka nchi hadi nchi. Pwani yetu ya Afrika Mashariki, usawa wa bahari uko takriban mita 25 hadi 30 chini ya elipsoidi. Ndiyo maana GPS ya kupimia ukiisimamisha Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe, inaweza kukuonyesha urefu wa hasi ishirini na kitu, na fundi mgeni akadhani chombo kimeharibika.

Sasa, nyumba zangu zilikuwa na urefu wa kutoka usawa wa bahari: msingi mita 5. Tufe likasoma mita 5 juu ya elipsoidi. Mahali pa haki palikuwa kama hasi 22. Ndiyo ghorofa tisa za hewa. Berlin mambo ni kinyume: geoidi iko karibu mita 40 juu ya elipsoidi, kwa hiyo kosa lilelile linauzika mji chini ya ardhi, na mtu anadhani faili lake halikufunguka.

Dawa ni kuongeza kimo cha geoidi cha mahali husika kwenye kila urefu, pamoja na alama yake ya kujumlisha au kutoa. Modeli za geoidi za EGM96 na EGM2008 ni za bure, na QGIS ikiwa na gridi zake inaweza kukufanyia. Usiburute modeli kwa macho mpaka "ikae vizuri". Itakaa vizuri ukiwa unaitazama kutoka upande mmoja.

Ukisharekebisha, huenda bado baadhi ya nyumba zikazama nusu mita au kuning'inia. Hiyo ni ardhi ya tufe lenyewe, ambayo kwa maeneo mengi ya kwetu ni ya kukadiria. Njia ya uaminifu ni kutumia ardhi yako mwenyewe kutoka kwenye droni ileile. Njia ya mkato ni kuirefusha misingi ya nyumba mita mbili kwenda chini. Mimi hutumia ya mkato zaidi ya ninavyopenda kukiri.

Hazielei, ila zote zimehama karibu mita 300.

Hiyo ni Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali. Ramani za zamani za Kenya na Tanzania zilipigwa kwa mfumo huo, na tufe linataka WGS84, mfumo wa GPS. Ukizisoma namba za mfumo mmoja kana kwamba ni za mwingine, unahama mita mia tatu hivi. Mwambie QGIS ukweli kuhusu faili lilikotoka kabla ya kuligeuza. Ramani haikuandikwa mfumo? Kama ilichorwa kabla ya enzi ya GPS, anza kuishuku hapo.

Kuta zinatetemeka nikisogea karibu.

Namba za kawaida za kadi ya michoro hubeba tarakimu kama saba. Nusu kipenyo cha dunia kwenye ikweta ni mita 6,378,137. Ukipima kila kona ya dirisha kutoka kitovu cha dunia, tarakimu zinaishia njiani na hatua ndogo inayobaki ni nusu mita. Dirisha linarukaruka kati ya hatua hizo. Weka kitovu cha modeli katikati ya mtaa, kona zote zipimwe kutoka hapo, kisha tufe lipewe mahali pa kitovu hicho mara moja. Programu nyingi za kutengeneza vigae hufanya hivyo zenyewe. Aliyeandika msimbo wake ndiye anayenaswa.

Kama ukuta hautetemeki bali unametameta rangi mbili, una kuta mbili mahali pamoja. Futa moja.

Wateja wangu wanatazama kwa simu, wanalalamika bando linaisha.

Wana haki. Katika modeli za droni, mzigo mkubwa kwa kawaida ni picha za ngozi, umbo ni jepesi. Kabla ya kupunguza pembetatu zinazounda umbo, bana picha hizo kwa KTX2, aina ya faili la picha ambayo inabaki imebanwa hata ndani ya kadi ya michoro. Kisha bana umbo kwa Draco, zana ya kubana maumbo. Kisha pandisha kile kikomo cha pikseli 16 hadi 24 au 32 kwa wanaotumia simu. Wengi hawataona tofauti kwenye skrini ya kiganja.

Halafu jipime mwenyewe. Futa kumbukumbu ya kivinjari, fungua ukurasa kwa data ya simu yako ya kulipia, si ya ofisini, na uangalie megabaiti zilizokwenda. Mimi sitoi kazi kabla ya hilo.

Nawezaje kuonyesha milango ya kuchonga na baraza?

Si kwa droni. Mlango wa Mji Mkongwe unapigwa picha kwa miguu, kutoka chini, asubuhi kabla jua halijaingia kichochoroni, picha zikipishana vizuri. Tengeneza mlango peke yake kama modeli ndogo, uupunguze, kisha uubandike kwenye nyumba ya LoD2, ukiwa kigae cha mwisho kabisa kinachoitwa mtu akifika hatua chache. Baraza nusu yake utaichora kwa mkono, maana kila ukipiga picha kuna wazee wameikalia na bao lao, na hutawaambia waondoke kwa ajili ya pikseli.

Kwa vipimo vya kiwango cha urithi, kuna skana za leza. Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town ilipima hivyo magofu ya Kilwa Kisiwani.

Jengo likianguka au likijengwa upya, nifute modeli?

Usifute. Beit al Ajaib, jumba la kihistoria la Mji Mkongwe, ilijengwa mwaka 1883 na sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Aliyekuwa na modeli ya kabla ya siku hiyo ana kitu ambacho droni haiwezi kukipiga tena. Ipe kila modeli tarehe ya kuanza na ya kuisha, na tufe lionyeshe kulingana na saa iliyowekwa. CesiumJS ina saa yake chini ya skrini.

Mtu akibofya nyumba, apate jina lake na mwaka.

Vigae vinaruhusu kila jengo kubeba jedwali lake dogo: namba, jina, mwaka, aina ya paa. Beba namba tu, na mengine yaite kutoka kwenye hifadhidata yako. Jina la nyumba likibadilika hutalazimika kutengeneza vigae upya. Majina ya wakazi usiyaweke.

Kibali je?

Kwa droni Tanzania unahitaji kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, pamoja na idhini ya Wizara ya Ulinzi. Kenya ni KCAA, mamlaka kama hiyo. Anza mapema.

Kuna kibali kingine kisichoandikwa. Juu ya mapaa na ndani ya nyua, kina mama wako nyumbani kwao na hawajajifunika kwa ajili ya kamera yako. Nenda kwa sheha kwanza, siku itangazwe, saa itajwe, na ukishapata picha futa watu kabla ya kuchakata.

Naweza kuichukua miji ya Google nikaiweka kwenye kompyuta yangu?

Hapana. Unaionyesha kupitia huduma yao, kwa ufunguo wao na kwa bei yao. Huruhusiwi kuipakua ikae kwako wala kuchora nyumba juu yake. Data ya OpenStreetMap unaweza kuichukua, mradi uwataje waliochora.

Programu zipi za bure zinatosha?

QGIS kwa misingi na mifumo ya ramani, OpenDroneMap kwa picha za droni, Blender kwa mkono, 3DCityDB, hifadhidata ya miji ya 3D, ukishakuwa na majengo maelfu, CesiumJS kuonyesha.

Vivuli vyangu vinaangukia upande usioeleweka.

Saa ya tufe iko kwenye UTC, saa ya pamoja ya dunia. Sisi tunatangulia kwa saa tatu, na juu ya hilo kuna saa yetu ya Kiswahili: saa nne asubuhi ni 10:00 ya saa za hapa, na kwa tufe ni 07:00. Kuna mwenzangu aliandika 04:00 akapata jua la saa moja asubuhi, vivuli virefu vikielekea magharibi. Kisha angalia mwezi wa kalenda. Zanzibar iko nyuzi sita kusini ya ikweta, kwa hiyo mchana wa Juni jua liko kaskazini na kivuli kinaangukia kusini. Desemba kinaangukia kaskazini.